Hisa za simu za nchi jirani: tusihesabu vichwa tu

Mfanyabiashara wa Arusha anayepeleka vitunguu au mahindi Nairobi hapakii lori kabla ya kuulizia bei ya kule, ushuru wa Namanga na thamani ya shilingi ya Kenya siku hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akisikia kampuni ya simu za mkononi imeingia katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, yuko tayari kutoa fedha zake kununua hisa bila kuuliza hata moja kati ya hayo.

Tangu kanuni za fedha za kigeni zilipolegezwa mwaka 2014, mkazi wa Tanzania anaruhusiwa kununua hisa katika masoko ya nchi za Afrika Mashariki, na hisa inayotajwa zaidi hapa kwetu ni ya Safaricom. Hoja inayoambatana nayo ni Ethiopia: watu ni wengi, na kwa miaka mingi walihudumiwa na shirika moja tu la serikali, kwa hiyo faida lazima ije. Hoja hiyo inahesabu vichwa, na safu hii haikubaliani nayo.

Tuanze na hesabu za nyumbani. Sensa ya 2022 ilikuta Watanzania 61,741,120. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 80 kufikia mwisho wa 2024. Ukiwaondoa watoto, ni dhahiri kwamba watu wengi wana laini mbili au zaidi. Nenda soko la Tengeru siku ya mnada ukae na wakala wa fedha kwa saa moja tu. Utaona mama muuza ndizi ana laini moja ya kupokea fedha na nyingine ya vifurushi vya bei nafuu. Ukifika Namanga utakuta na ya Kenya imeongezwa. Mgeni anayesoma jumla ya laini akiwa ofisini kwake ng'ambo hawezi kujua kwamba wateja watatu anaowahesabu ni mama huyo mmoja, na kwamba fedha yake ya vocha ni ile ile, inagawanywa tu.

Kosa la namna hiyo lilituuma mwaka 2017. Vodacom Tanzania, kwa kufuata sheria iliyoyataka makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma, iliuza hisa milioni 560 kwa Sh. 850 kila moja. Wapo waliotazama jirani wakasema jamaa ni wale wale na M-Pesa ni ile ile, basi hii itakuwa Safaricom ya pili. Lakini Kenya kampuni moja inashika zaidi ya nusu ya soko. Kwetu Vodacom inagawana wateja na Airtel, na Tigo ambayo siku hizi inaitwa Yas, na Halotel ya Wavietnam iliyoanza 2015 na kwenda kutafuta wateja vijijini. Aidha, Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na Julai 2021 ikaja tozo ya miamala. Hisa ile ilikaa miaka chini ya bei iliyouzwa. Na hata Safaricom yenyewe, iliyouza hisa bilioni 10 kwa Sh. 5 za Kenya mwaka 2008, ilishuka chini ya bei hiyo mwaka huo huo, na wanunuzi wa kwanza walisubiri miaka kuiona inarudi.

Sasa Ethiopia. Mwezi Mei 2021 muungano ulioongozwa na Safaricom ulipata leseni kwa Dola za Kimarekani milioni 850. Mshindani pekee, MTN, alitoa milioni 600 tu. Makampuni mengine makubwa ya dunia hayakuleta zabuni kabisa, na hilo peke yake lilistahili kumfanya mnunuzi wa hisa aulize kulikoni. Leseni ile haikuwa na ruhusa ya huduma ya fedha kwa simu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya Safaricom nyumbani. Mwezi huo huo shirika la serikali, Ethio Telecom, lilizindua Telebirr. M-Pesa ilianza kule Agosti 2023, baada ya kulipia ruhusa Dola milioni 150 zaidi, na wakati huo Telebirr ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 30.

Kisha likaja la fedha. Mwishoni mwa Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliiachia birr ipangwe na soko, na katika miezi michache ikapoteza takriban nusu ya thamani yake. Kampuni inayokusanya birr huku mitambo na minara ikinunuliwa kwa dola inaumia hata kama wateja wanaongezeka kila siku. Mpeleka vitunguu angelielewa hilo bila kuelezwa na mchumi.

Sisemi hisa hiyo isinunuliwe. Biashara ya Kenya ina nguvu, na huenda Ethiopia ikaja kulipa. Ila anayenunua kwa sababu ya Ethiopia asome sehemu ya Ethiopia. Mwaka wa hesabu wa Safaricom huishia Machi 31, na matokeo hutangazwa Mei; ya nusu mwaka hutoka Novemba. Humo atafute wastani wa mapato kwa kila mteja, atazame wangapi wanatumia M-Pesa kati ya wenye laini, na alinganishe hasara ya kule na ya mwaka uliotangulia. Akiwa bado ana hamu, amwombe wakala wake wa hisa ampigie hesabu nzima pamoja na ada zake, maana gawio hulipwa kwa shilingi ya Kenya na kodi ya zuio hukatwa huko huko kabla halijafika Arusha.