Si Kila Kukua Ni Kuongezwa

Jirani yetu mmoja, mtu mzima, alituletea barua iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Ilimwarifu kwamba ukumbi uliopakana na nyumba yake "utaongezwa". Mzee wa watu usiku ule hakulala. Jiko lake limeegemea ukuta wa ukumbi huo, naye alikwisha kuliona limebomolewa. Tulipoitazama barua ya asili, neno lililotumika lilikuwa enhance. Ukumbi utatiwa rangi na feni, basi.

Tusimlaumu mfasiri huyo peke yake. Sisi wa meza za habari nasi tumo. Neno lo lote la Kiingereza lenye harufu ya kukua, kalamu yakimbilia "ongeza". Kumbe wenyewe hawayachanganyi. Increase hutumika sana kwa idadi na kiasi. Enlarge ni la umbo: picha, chumba, mlango. Enhance asili yake ni kunyanyua juu, na leo ni kukipa kitu ubora au haiba zaidi, kisizidi hata shubiri moja. Magnify ni kazi ya kioo kikuzacho, lakini Wakristo hulitumia pia kwa Mola. Hapa Mwislamu hahitaji kamusi. Tuletapo takbira hatumwongezi Mwenyezi Mungu kitu, twamtukuza.

Na sisi je, tu maskini wa maneno? Hasha! Kipaji hukuzwa, njia hupanuliwa, urafiki huimarishwa. Boresha wako wasioipenda, husema ni ya maofisini. Sisi twaikubali, maana bora ni neno letu.

Zaidi ya yote yatupasa kuchunga ongeza na zidisha. Mwenye duka akiongeza bei twanung'unika. Akiizidisha twagombana, kwa kuwa amepita kiasi. Hata mtoto wa shule ajua kwamba mbili ongeza tatu ni tano, na mbili zidisha tatu ni sita. Basi fikiri, ndugu msomaji, maneno hayo yakibadilishana mahali katika karatasi ya dawa ya mgonjwa. Mfasiri na aulize kwanza: kinachokua ni nini? Idadi, umbo, ubora, au heshima? Ndipo aandike.

Yule mzee tulimweleza kwamba ukumbi unatengenezwa tu, ukuta hauguswi. Akatutazama kwa muda.

"Sasa mwanangu, mbona hawakusema hivyo?"