Mwanachama Akipaka Rangi Nyumba Yake, Naye ni Mwajiri

Ndugu wafanyakazi,

Ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya nyumbani bila ya kufikiri kwamba ni jambo la chama. Jambo lenyewe ni kuajiri kontrakta wa kupaka rangi ndani ya nyumba. Najua wako watakaocheka na kusema, "Huyu mzee amekwisha maneno ya mishahara, sasa anatuletea ya rangi na brashi." Nawaomba msome mpaka mwisho. Mimi nilipata aibu katika jambo hili, na naona si vizuri niifiche kwa wenzangu.

Ninaishi hapa Jinja katika nyumba ya zamani ya matofali, iliyojengwa wakati wa Mwingereza. Ina sebule na vyumba vitatu. Mwaka juzi binti yetu alikuwa anakaribia kuletewa wakwe, na mama watoto akasema wageni hawawezi kukaa katika sebule yenye kuta zilizobambuka kama ngozi ya mgonjwa. Nikaita makontrakta watatu waje kutazama kazi. Rangi tulikubaliana nitanunua mwenyewe; wao walete watu, ngazi, msasa na brashi. Wa kwanza alitaka shilingi 700,000. Wa pili alitaka 650,000. Wa tatu akatazama kuta upesi upesi, akasema, "Mzee, nipe 400,000, siku saba nimemaliza." Nikampa mkono. Siku ile nilijiona mjanja sana.

Akaleta watu wawili, fundi na msaidizi wake, vijana wote wawili. Nilimlipa kontrakta nusu siku ya kwanza. Siku ya nne akaja kusema ana shida ya haraka, nikampa nusu iliyobaki. Tangu hapo sikumwona tena, na simu yake ikazimwa. Wale vijana hawakujua. Walifanya kazi mpaka siku ya saba, wakasafisha sakafu, wakakunja magunia yao, kisha wakasimama mlangoni. Fundi akasema, "Mzee, sisi hatujalipwa. Tulipewa 30,000 ya chakula tu."

Mimi nikajibu, "Mdaini aliyewaajiri. Mimi nimekwisha kulipa."

Mama watoto alikuwa jikoni. Akatoka, akanitazama, akasema, "Baba watoto, maneno hayo si ndiyo yale ya meneja wenu?"

Ndugu zangu, nilikosa pa kuuweka uso. Ni kweli yalikuwa maneno yale yale. Kiwanda kimoja ninachokihudumia kwa niaba ya chama kilileta wakala wa vibarua. Watu wale wale, mashine zile zile, lakini mwajiri akawa mtu mwingine mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini. Wakala alipokaa miezi miwili bila kuwalipa, tulikwenda kwa meneja, naye akatuambia, "Mdaini aliyewaajiri. Sisi tumekwisha kumlipa." Nilipiga meza siku ile. Nilisema kwamba mwenye kufaidi jasho la mtu hawezi kujificha nyuma ya wakala. Na sasa mimi, mwenezi wa chama, nilikuwa nimesimama katika sebule yangu inayong'aa kwa jasho la vijana wawili, nikijificha nyuma ya kontrakta.

Tupige hesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo. Kwa bei ya hapa kwetu wakati ule, fundi wa rangi alipata kama 40,000 kwa siku na msaidizi 20,000. Siku saba za fundi ni 280,000. Siku saba za msaidizi ni 140,000. Jumla ni 420,000. Hapo hatujahesabu msasa, brashi, kukodi ngazi, nauli, wala faida ya kontrakta mwenyewe. Basi mtu akikubali kazi hiyo kwa 400,000, hesabu inasema wazi kwamba kuna mtu hatalipwa. Mimi hupiga hesabu za namna hii kila siku mezani kwa mwajiri. Kwa nini sikuipiga nyumbani kwangu? Sikuipiga kwa sababu sikutaka kujua jibu. Bei rahisi ilinifumba macho, kama vile inavyowafumba macho matajiri tunaowalaumu.

Wako watakaosema, "Lakini serikali ipo, sheria ipo." Kweli ipo. Hapa Uganda tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inayompa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, inayomtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Lakini tusidanganyane. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haitoshi mlo wa siku moja wa familia. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mshahara wa kijana anayeshika brashi haupangwi na sheria. Unapangwa mlangoni kwako, wakati unaposema, "Punguza kidogo." Pale wewe ndiwe bodi ya mishahara. Basi fanya kazi ya bodi kwa haki.

Yako pia mambo ya afya. Kazi ya rangi huonekana nyepesi, lakini ndani yake mna sumu. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitamka kwamba kazi ya upakaji rangi ni miongoni mwa kazi zinazoleta saratani kwa binadamu. Na zamani zaidi, mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kupiga marufuku rangi yenye risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa kwa ruhusa maalumu katika stesheni za reli na viwandani. Mkataba ule unawataja waajiri na wafanyakazi pamoja, kwamba waulizwe kabla serikali haijaamua juu ya ruhusa hizo. Basi tangu wakati wa babu zetu wafanyakazi walikuwa wanapigania hewa ya fundi wa rangi, na sisi leo tunamfungia chumbani na madirisha yamefungwa ili vumbi lisiende kwa jirani.

Nyumba za zamani kama yangu huweza kuwa na risasi katika rangi za chini. Fundi akikwangua kwa msasa mkavu, vumbi lile linaingia kifuani mwake, tena linabaki sakafuni ambako watoto hutambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huharibu akili inayokua. Wale vijana wangu walikwangua siku mbili wakiwa wamejifunga vitambaa vya shati puani. Msaidizi alikohoa usiku kucha, maana walilala humo humo ndani ya harufu ya rangi ya mafuta na tapentaini ili kuokoa nauli. Nilimsikia. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Sasa yafaa tufanye nini? Sisemi tusipake nyumba zetu. Mfanyakazi naye anastahili nyumba safi, na fundi anahitaji kazi. Nasema tuajiri kama tunavyotaka kuajiriwa.

Kwanza, pima kazi kabla ya kuuliza bei. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina kuta za mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, hubaki kama 38. Ukipaka mara mbili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba juu ya ukuta laini, hivyo chumba hicho hula kama lita 8. Ukijua hayo, kontrakta hatakudanganya kwa rangi, wala wewe hutamdanganya kwa siku za kazi.

Pili, nunua rangi mwenyewe na makopo yafunguliwe mbele yako. Tusifiche kwamba wako mafundi na makontrakta wanaozidisha maji ili rangi ibaki wauze. Lakini mara nyingi mtu huiba rangi pale ambapo bei haikuacha ujira.

Tatu, andika karatasi. Haihitaji wakili. Andika vyumba vingapi, kukwangua na kuziba nyufa ni juu ya nani, rangi mara ngapi, siku ngapi, na malipo gani. Kisha ongeza mstari mmoja ambao watu wengi hawauweki: majina ya wafanyakazi na ujira wa kila mmoja kwa siku. Kontrakta akikataa kuuandika mstari huo, mwambie kwa heri kabla hajaleta ngazi.

Nne, lipa kwa mafungu. Toa kidogo mwanzo kwa vifaa, fungu jingine kazi ikifika nusu, na la mwisho siku ya kumaliza, mbele ya wafanyakazi wenyewe, wakihesabu fedha yao mkononi. Usilipe yote kabla, kama nilivyofanya mimi.

Tano, linda vifua vyao. Madirisha yawe wazi. Ukuta wa zamani ulowanishwe kwanza, ndipo ukwanguliwe. Watoto wahamishwe kwa jirani au kwa bibi yao. Pawe na barakoa na maji ya kunawa kabla ya kula. Ngazi iwe nzima, isiwe meza juu ya stuli. Na mtu asilale katika chumba kilichopakwa siku ile.

Mtaniambia, "Ndugu, mshahara wangu mdogo, nitayaweza wapi hayo?" Nalijua hilo, kwani mimi si tajiri. Lakini fedha ikiwa haitoshi vyumba vinne, paka sebule mwaka huu na vyumba mwaka ujao. Ukuta mchafu haufi njaa. Kumpunguzia fundi ujira ili ukuta wako wote ung'ae kwa mara moja, huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji mwenyewe amevaa ovaroli.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa vyama. Tumezoea kwenda penye geti na king'ora, tukawasahau wafanyakazi wanaosubiri kazi kando ya barabara na brashi zao kwenye mfuko wa plastiki. Hawana kadi, hawana wa kuwasemea, na mwajiri wao hubadilika kila wiki. Matawi yetu yakae na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, tuwaandikishe kwa ada wanayoiweza, na kila tawi liwe na orodha ya mafundi wa rangi wanaoaminika, pamoja na bei ya siku iliyokubaliwa. Mwanachama akitaka kupaka nyumba, aanzie kwenye orodha hiyo. Hapo tutakuwa tumewasaidia mafundi na kujisaidia wenyewe.

Mtauliza mambo yangu yaliishaje. Wale vijana nilikuwa nadaiwa 390,000. Niliwapa 200,000 jioni ile ile, fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya wageni, nikaahidi iliyobaki mwisho wa mwezi. Kwa jumla nyumba yangu ilinigharimu 790,000, zaidi ya yule kontrakta wa kwanza niliyemwona mwizi. Mwisho wa mwezi fundi alikuja peke yake. Nikamuuliza habari za mwenzake. Akasema amerudi kwao kijijini, kifua kimemkamata. Nilimpa fedha ya wote wawili amfikishie. Kama kifua kile kilikuwa cha nyumba yangu au cha nyumba kumi za kabla yake, hakuna daktari aliyekipima.

Wakwe walikuja, wakasifu sebule. Mimi nilikaa kimya.

Umoja ni nguvu, ndugu zangu, na umoja huo usiishie getini kwa tajiri. Uingie mpaka ndani ya nyumba zetu.

Ndimi ndugu yenu,
Mwenezi wa Chama, Jinja