Jukwaa Halina Rufaa

Nikiwa kidato cha pili niliwahi kuthibitisha, mbele ya bwalo zima la shule ya bweni, kwamba fedha ni bora kuliko elimu. Upande sikuuchagua mimi. Mwalimu alikunja vikaratasi, tukaokota. Nilianza kama ilivyotupasa wote kuanza: mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda makini, majaji msio na upendeleo, na wapinzani wangu mlioshindwa kabla hamjasimama. Bwalo likalipuka. Nikauliza ada ya shule inalipwa kwa vyeti au kwa noti. Likalipuka tena. Mpinzani wangu, kijana mpole aliyekuwa akituongoza darasani katika hesabu, alikuwa na hoja nzito kuhusu mtu aliyerithi shamba akashindwa kuusoma mkataba wa kuliuza, lakini kengele ililia hoja ikiwa nusu. Tukashinda. Zawadi yangu ilikuwa kaunta buku mbili, nikaziandikia nukuu za jiografia. Yaani nilipewa madaftari kwa kuishinda elimu, na hakuna jaji hata mmoja aliyecheka.

Jioni ile hunijia kila ninaposikia watu wazima wakisema: waletwe jukwaani, wapambanishwe, ukweli utajulikana. Husemwa kuhusu chanjo, dawa za miti shamba, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, mahari, umri wa kuolewa. Anayekataa mdahalo anahesabiwa amekiri kosa. Anayezidiwa ukumbini anahesabiwa alikuwa mwongo tangu mwanzo. Wenye rai hiyo si wajinga, na wana methali ya kuegemea: njia ya mwongo ni fupi. Sina ugomvi na methali. Ila njia hiyo, fupi ilivyo, bado ni ndefu kuliko dakika tisini za mdahalo. Ndani ya dakika tisini mwongo mwenye ulimi hufika salama, akapigiwa makofi, akarudishwa kwake kwa gari la waandaaji.

Lakini tusiwaonee waongo. Tuwaache kabisa, tutazame mdahalo wa watu wawili wakweli, wasomi, waliojiandaa.

Jioni ya tarehe 26 Aprili 1920, mjini Washington, Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliwasimamisha wanaastronomia wawili kutoka California: Harlow Shapley wa kituo cha kutazama nyota cha Mount Wilson na Heber Curtis wa kituo cha Lick. Swali lilikuwa kubwa kuliko ukumbi: ulimwengu una upana gani? Darubini zilikuwa zimeonyesha mawingu hafifu ya nuru yenye umbo la kujiviringisha kama gamba la konokono. Je, yalikuwamo ndani ya Njia Nyeupe, hili kundi letu la nyota? Au kila moja lilikuwa kundi kamili linalojitegemea, mbali kupita tunavyoweza kuwaza?

Shapley alisema Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru 300,000 hivi, Jua letu limekaa pembeni mbali na kitovu, na yale mawingu si makundi mengine ya nyota. Curtis alisema hapana: Njia Nyeupe ni ndogo, miaka ya nuru 30,000 hivi, Jua liko karibu na katikati, na yale mawingu ni galaksi kama yetu. Shapley alisoma kutoka kwenye karatasi, akatumia sehemu ya muda wake kueleza mambo ya awali, kama mwaka wa nuru ni nini. Wapo wanaosema akili yake haikuwa yote jukwaani, kwa kuwa ukumbini walikuwamo watu wa Harvard waliokuwa wakimpima kwa kazi ya kuongoza kituo chao cha kutazama nyota. Curtis alikuwa mzungumzaji mzuri zaidi. Kama angekuwapo mtunza muda wetu na kengele yake, nadhani kaunta buku zingekwenda kwa Curtis.

Na ukweli ulikwenda kwa nani? Kuhusu mawingu, Curtis alikuwa sahihi: ni galaksi. Kuhusu Jua, Shapley ndiye aliyekuwa sahihi: tuko pembeni, kiasi cha miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni. Kuhusu upana wa Njia Nyeupe walikosa wote. Kipimo kinachotajwa sana leo ni miaka ya nuru 100,000 hivi. Mmoja alikizidisha mara tatu, mwingine alikipunguza hadi theluthi. Jaji gani angetoa hukumu ya namna hiyo usiku ule? Angelazimika kumtangaza mshindi, na yeyote ambaye angemtangaza, angekosea.

Kilichonishika zaidi katika kisa hiki ni chanzo cha makosa yao. Shapley aliamini vipimo vya rafiki yake Adriaan van Maanen, aliyedai ameyaona yale mawingu yakizunguka kidogo kidogo kati ya picha za mwaka huu na za miaka ya nyuma. Kama kitu kinaonekana kikizunguka hivyo, hakiwezi kuwa mbali sana, la sivyo kingo zake zingekuwa zinakimbia kuliko nuru yenyewe. Mantiki ya Shapley haikuwa na ufa. Ufa ulikuwa kwenye vipimo, na vipimo havikuwamo ukumbini. Vilikuwa kwenye vioo vya picha, kabatini, California. Hakuna swali la msikilizaji, hata lingekuwa kali namna gani, lingeweza kuufichua. Tena kati ya nyota na sisi kuna vumbi linalofifisha nuru na kuharibu hesabu za umbali. Hilo lilikuja kuthibitishwa na Robert Trumpler mwaka 1930, miaka kumi baada ya wasikilizaji kwenda kulala.

Aliyeshika ufunguo wa shauri lile hakuwa jukwaani. Henrietta Leavitt alikuwa mfanyakazi wa Harvard, kazi yake kukagua picha za nyota moja baada ya nyingine. Mwaka 1912 alichapisha matokeo ya nyota 25 ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, akaonyesha kwamba nyota yenye mzunguko mrefu zaidi ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Hiyo ikawa rula ya mbinguni: ukiujua mzunguko unaujua mwanga halisi, na ukiujua mwanga halisi unaupata umbali. Oktoba 1923, Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya wingu la Andromeda, kwa darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha kipenyo cha mita 2.5. Hesabu ikaiweka nje kabisa ya Njia Nyeupe, hata ile pana ya Shapley. Matokeo yalisomwa rasmi tarehe 1 Januari 1925. Leavitt alikuwa amefariki Desemba 1921.

Kurudi huko kwenye vipimo nataka kukuita rufaa. Mahakamani anayeshindwa leo anaweza kurudi kesho mbele ya macho mengine, na kumbukumbu zote zikafunguliwa upya. Katika sayansi rufaa ni kupima tena. Jukwaa halina rufaa. Lina kengele, makofi, na shukrani kwa wadhamini.

Najua nitatajiwa Oxford, kama jukwaa lililoamua ukweli. Tarehe 30 Juni 1860, miezi michache baada ya kitabu cha Darwin kuhusu asili ya viumbe kutoka, Askofu Samuel Wilberforce alikutana na Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin, mbele ya umati, na masimulizi yanasema Huxley alimnyamazisha kwa jibu moja kuhusu kuwa na babu nyani. Ni hadithi tamu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika neno kwa neno kilichosemwa siku ile. Joseph Hooker, rafiki wa Darwin aliyekuwapo, alimwandikia kwamba sauti ya Huxley haikuweza kuutawala ukumbi, na kwamba ilimbidi yeye mwenyewe asimame. Watu wa askofu nao walitoka wameridhika. Darwin hakuwapo, alikuwa mgonjwa. Kitabu chake, kilichoweza kusomwa na kusomwa tena, ndicho kilichofanya kazi.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo. Msomaji atasema: hayo ni ya nyota na nyani. Mambo ya ndoa, ya malezi, ya mume na mke, hayana darubini. Huko ukweli ni kile ambacho watu watakubaliana, na watu hukubaliana kwa kuzungumza.

Nusu ya pingamizi hilo naikubali bila kubishana. Ni kweli hakuna rula ya kupimia mahari. Lakini rufaa inahitajika huko kuliko hata kwenye nyota, kwa sababu nyota haiumii tukikosea. Tazama suala la umri wa kuolewa Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitanguliwa na waraka wa serikali wa 1969 ulioomba maoni ya wananchi, kwa hiyo haikuzaliwa gizani. Hata hivyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Nimekaa kwenye makongamano ya suala hili, kwenye kumbi zenye viyoyozi na chupa za maji mezani. Shehe anazungumza, mchungaji anazungumza, mwanasheria anazungumza, mwanaharakati anazungumza. Binti wa miaka 15 hayupo, na hata angekuwapo, mbele ya wakubwa wale angeinamisha macho, kisha watu wangesema si mnaona, hana la kusema. Mshindi wa ukumbi anakuwa yule mwenye mizaha mizuri kuhusu wake na waume.

Kisha mtetezi wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akaipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vyake vya 13 na 17, vinavyohusu umri huo, vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Unaweza kuufurahia au kuuchukia. Lakini kila hoja iliandikwa, ikajibiwa kwa maandishi, aliyeshindwa akarudi nayo mbele ya majaji wengine, ikapimwa upya. Hakuna aliyeshinda kwa sababu kengele ya mwenzake ililia mapema.

Wala hatuhitaji kwenda mahakamani kuujua mwendo huo. Washairi wetu wameuishi. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi shairi lisilo na vina na mizani halikuwa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, mashairi huru kabisa. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakafuata na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Ugomvi uliowaka ulikuwa mkali, na maneno mengine yaliyosemwa yangetosha kuvunja undugu. Lakini uliandikwa, ukadumu miaka mingi, na hakuna aliyetangazwa mshindi. Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa shairi la kimapokeo na la kisasa katika somo moja.

Na mila yenyewe ya kujibizana kwa mashairi ina kanuni ambayo jukwaa halina. Mtu akikutupia shairi gazetini, desturi inataka umjibu kwa bahari ileile na vina vilevile. Huwezi kushika vina vya mwenzio bila kumsoma, na kumsoma vizuri. Wiki zinapita kabla jibu halijatoka, hasira zinapoa, na wasomaji wanalo shairi la kwanza mkononi kulinganisha. Ukumbini tunamjibu mtu ambaye hata hatukumsikia, kwa kuwa alipokuwa akisema tulikuwa tunapanga sentensi yetu.

Sisemi midahalo ifungwe. Naipenda, naihudhuria, na nikipewa kipaza sauti sikirudishi upesi. Mdahalo hukuonyesha kwamba swali lipo, tena lina pande zaidi ya ile uliyolelewa nayo. Humpa mtu wa nyuma ukumbini ujasiri wa kuuliza alichokuwa akikimeza. Ninachokataa ni kule kuhesabu makofi mwishoni, na yale matangazo ya redio ya kutuma A ukimuunga mkono huyu au B ukimuunga mkono yule, kana kwamba usalama wa chanjo au haki ya mke katika mirathi ni suala la nani ana vocha nyingi.

Kwa waandaaji nina ombi moja, nalo halina gharama kubwa. Mnapotangaza mdahalo, tangazeni tarehe mbili. Siku ya kwanza wazungumze, na kila mmoja aache mezani ushahidi anaoutegemea, kwa maandishi. Miezi mitatu baadaye warudi walewale, mbele ya watu walewale, na swali la kwanza kwa kila mmoja liwe: wapi ulikosea?