Boksi lisilofunguka halitufai Minjila

Wiki jana niliketi na bisibisi mbele ya boksi la plastiki lililokufa. Kazi yangu ni kuandika programu, si ufundi wa umeme, lakini hapa Minjila ukishajulikana kwamba unajua kompyuta, basi utaletewa kila kitu chenye waya, hata feni.

Boksi lenyewe lilikuwa la kupima kimo cha maji ya mto. Ndani mna kompyuta ya bodi moja, laini ya simu ya kutuma vipimo, na chipu ndogo ya kupunguza umeme unaotoka kwenye betri ya sola. Hiyo chipu ndiyo iliyoungua. Bei yake haifiki nauli ya boda ya kwenda Garsen.

Nikashindwa kulitengeneza. Maandishi ya juu ya chipu yamekwaruzwa makusudi, bodi imemwagiwa gundi nyeusi, na ramani ya saketi haipatikani popote. Nilipowaandikia waliolileta, jibu lao lilikuwa fupi: nunua jipya.

Hapo nikabadili msimamo. Kwa miaka nilidhani maunzi huria ni mchezo wa watu wenye muda na pesa za kuchezea. Nilikosea. Maunzi huria ni haki ya kutengeneza kilichoharibika.

Programu huria mnaijua: Linux na ndugu zake. Maunzi huria ni wazo lilo hilo kwa upande wa vyuma. Aliyebuni kifaa anatoa ramani ya saketi, mchoro wa bodi na orodha ya vipuri, nawe una ruhusa ya kuvitumia na kuvibadilisha. Arduino ilianza hivyo Italia mwaka 2005. BeagleBone Black ilifuata njia hiyo mwaka 2013. Olimex ya Bulgaria huuza kompyuta za bodi moja na kuzitoa hadharani faili zake za KiCad, programu ambayo nayo ni huria.

Je, Raspberry Pi? Naipenda, lakini tuambiane ukweli: mchoro wake kamili haujatolewa, na chipu yake kuu ya Broadcom huwezi kuinunua mojamoja dukani. Kati ya 2021 na 2023 bodi hizo zilipoadimika duniani, waliozitegemea hawakuwa na la kufanya ila kungoja.

Kwetu kungoja kuna gharama. Bwawa la Masinga likifurika huko juu, watu wa Tana ya chini huambiwa wahame. Tuliona mafuriko ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024. Kipimo kilichokufa msimu wa mvua ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kuna mtu anakitegemea.

Na jambo hili linawezekana papa hapa Kenya. Huko Nyeri, kwenye bonde la juu la mto huu huu wetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wameunda vipimo vya kimo cha mto vinavyotumia mawimbi ya sauti, wakachapisha maelezo ya kazi yao.

Sasa, tuunde kompyuta nzima wenyewe? Polepole. Sehemu ngumu ni nyaya za shaba kati ya prosesa na RAM. Urefu wake lazima ulingane sana, na mara nyingi bodi huhitaji matabaka manne au zaidi. Njia ya mkato ni chipu yenye RAM ndani yake, kama Allwinner F1C100s yenye megabaiti 32. Mwaka 2019 Mmarekani George Hilliard aliitumia kutengeneza kadi ya biashara inayoendesha Linux kwa gharama isiyofika dola tatu.

Ushauri wangu ni wa katikati. Nunua moduli iliyo tayari yenye prosesa na RAM, halafu chora mwenyewe bodi ya chini: umeme, soketi, laini ya simu. Joto, vumbi na betri za sola huulia vifaa vyetu hapo, na hapo tabaka mbili zinatosha.

Utaniambia kwamba bodi tano za kuagiza China, pamoja na ushuru, kila moja itakuwa ghali kuliko boksi la dukani. Kweli. Lakini usilinganishe na boksi la kwanza. Linganisha na la pili na la tatu.

Utaniambia pia hakuna wa kuisoma ramani. Hapo nakataa. Nenda kwa mafundi wa simu: wana mashine ya hewa moto, wana mita, na kila siku wanafuata ramani za bodi zilizovuja mtandaoni. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni ramani halali.

Kwa hiyo yeyote anayeleta kifaa mtoni, awe serikali au shirika, tumwulize mambo matatu: ramani iko wapi, vipuri ni vipi, na chanzo cha programu kiko wapi. Kama hana, arudi nacho.

Nami nimeanza. Nimechora bodi yangu ya umeme kwa KiCad, nikampelekea fundi wa simu aitazame. Hakumaliza hata chai yake kabla ya kunionyesha kwamba nimegeuza plasi na negativu za betri. Nilikuwa bado sijatuma pesa China.