Nyoka akiingia nyumbani Ruashi, nani aitwe?

Kila mwaka mvua za Novemba zinapoanza kupiga malata ya Ruashi, kilio kimoja husikika kutoka Matoleo hadi Kalukuluku: «Nyoka! Nyoka!» Mama anatoa watoto nje. Vijana wa avenyu wanakuja mbio na majembe, mawe na fimbo. Baada ya dakika chache nyoka amekufa, ananing'inizwa kwenye mti na watoto wanafuata nyuma wakicheka. Kila mtu anarudi kwake. Ni mara chache sana mtu kuuliza alikuwa nyoka wa aina gani, au kama vijana wale wangeweza kuumwa walipokuwa wakimpiga.

Maswali hayo mawili yanastahili jibu. Komine ya Ruashi ina shefu wa kila kartie, ina makanisa na ina vikundi vya vijana vya kila aina. Haina kikundi kinachoitwa nyoka anapoingia nyumbani. Inahitaji kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, waliofundishwa vizuri, wanaokuja na chuma kirefu chenye ndoano na ndoo yenye kifuniko, wanamtoa mnyama, kisha wanabaki kuzungumza na watu wa lupango. Wengine watasema hilo ni jambo la Wazungu wanaopenda wanyama. Hapana. Anayeokolewa kwanza ni mtoto.

Mfano upo, tena hauko Ulaya. Uko Watamu, kwenye pwani ya Kenya. Mwaka 1980 James Ashe, aliyewahi kufanya kazi kwenye bustani ya nyoka ya Nairobi, pamoja na mke wake Sanda, walianzisha pale kituo kinachoitwa Bio-Ken. Ashe alifariki mwaka 2004 lakini kazi haikusimama. Mtu wa Watamu akiona nyoka ndani ya nyumba, anapiga simu. Watu wa kituo wanakuja, wanamchukua nyoka, na hawaombi pesa. Wanakwenda pia kwenye shule na vijiji kuonyesha nyoka gani ana sumu na yupi hana. Wamekuwa wakikusanya madaktari na wauguzi kwenye semina kuwafundisha namna ya kumtibu aliyeumwa. Tanzania nayo, karibu na Arusha, kuna bustani ya nyoka ya Meserani, na hapohapo kuna zahanati inayopokea wanakijiji walioumwa.

Mafunzo ya Watamu ni mepesi kuyaelewa. Watu wakijua kwamba yupo mtu wa kuitwa bila malipo, wanaacha kumkaribia nyoka. Na asiyemkaribia nyoka ni vigumu kuumwa. Wapo watu wanaoumwa wakati wanapojaribu kumuua au kumshika mnyama ambaye alikuwa anatafuta njia ya kukimbia.

Jambo lenyewe si dogo. OMS, Shirika la Afya Duniani, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka. Wanaobaki na mkono uliokatwa, mguu uliopooza au ulemavu mwingine wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kabla ya 2030. Neno «yaliyosahauliwa» limechaguliwa vizuri. Anayeumwa kwa kawaida ni mkulima, mchunga mbuzi, mtoto anayelala chini. Ni mtu ambaye sauti yake haifiki mbali.

Dawa nayo ina historia ya uchungu. Kwa miaka mingi serumu iliyotegemewa sana Afrika ilikuwa Fav-Afrique, iliyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa, Sanofi, dhidi ya nyoka kumi wa bara hili. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida. Chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka 2016. Serumu nyingine zipo, lakini ni ghali, na mara nyingi chupa moja haitoshi kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo kwa familia ya Ruashi inayohesabu makala na unga wa bukari kila siku, kuumwa na nyoka ni ugonjwa na deni kwa wakati mmoja. Kuzuia ndiko kunakogharimu kidogo.

Na familia zilizokimbia vita ndizo zenye hatari zaidi. Ruashi na kartie zake za pembeni zimezoea kupokea wageni wa namna hiyo. Miaka iliyopita walikuja watu wa Mitwaba, Pweto na Manono wakikimbia vikundi vya silaha. Baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, wamekuja pia watu wa Kivu. Wengi hupata chumba pale ambapo kodi ni ndogo, na kodi ndogo iko pembeni, karibu na majani marefu na mashimo ya zamani, katika nyumba zisizokwisha, zisizo na mlango mzima. Watoto wanalala kwenye mkeka. Gunia la mahindi liko ndani kwa sababu nje litaibiwa. Gunia linaita panya, na panya anamwita nyoka.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Mtu aliyekulia kwenye milima ya baridi ya Bukavu hakukua na nyoka wa miombo ya Katanga. Hamjui moma, yule mnene na mfupi anayelala njiani bila kusogea hata akisikia hatua za mtu, mpaka akanyagwe. Hajui kwamba fira anaweza kurusha sumu machoni akiwa mita mbili au zaidi. Hajui koboko, ambaye wengi humwita mamba mweusi. Vilevile hajui nyoka mdogo wa kahawia anayeingia nyumbani usiku kutafuta panya, ambaye hana sumu ya kumdhuru mtu na ambaye angefaa kuachwa aende zake. Wenyeji wa hapa nao, wengi waliozaliwa mjini, hawajui zaidi ya wageni. Kwa wote wawili kila nyoka ni yuleyule.

Pasipo elimu, jiwe jeusi linatawala. Karibu kila avenyu kuna mzee au mama anayelitunza, analiweka juu ya jeraha na kusema linavuta sumu. Majaribio ya kisayansi hayakuonyesha kwamba linavuta chochote. Kwa nini basi watu wanaliamini? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu kali, na hata mwenye sumu wakati mwingine anauma bila kuitoa. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata angewekewa jani la muhogo. Jiwe linapata sifa kwa wale ambao wangepona, na wale waliokufa inasemwa kwamba nyoka wao alitumwa.

Hapo ndipo ulozi unapoingia. Katika Lubumbashi nyoka si mnyama tu. Wazee wanakumbuka picha za mambamuntu zilizotundikwa kwenye saluni za wafanyakazi, mwanamke wa majini mwenye nyoka mkononi, anayetoa utajiri na kudai roho ya mtu. Mpaka leo nyoka akionekana kwenye lupango, kuna anayeuliza ni nani aliyemtuma. Jirani mzee anatazamwa vibaya. Mpangaji mgeni, asiye na ukoo wa kumtetea, anatazamwa vibaya zaidi. Kijana wa kujitolea anayefungua ndoo na kueleza, mbele ya watu wote, kwamba mnyama huyu alifuata panya walio kwenye gunia lile pale, anaweza kumwokoa mtu ambaye hajaumwa na yeyote.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema: mtu aliyekimbia risasi, asiye na bukari ya jioni, mnamletea habari za kuhurumia nyoka? Jibu ni kwamba hakuna anayemwomba amhurumie. Anaombwa asimame mbali na aite mtu. Huruma, ikija, itakuja baadaye, pengine kwa mtoto atakayeona kwamba kinyonga aliyekuwa akimpiga mawe hana sumu yoyote, au kwamba chura wa kwenye mfereji anakula wadudu usiku kucha bila kulipwa. Ngozi ya chura inanyonya maji yanayomzunguka, na maji yakichafuka yeye ni kati ya wa kwanza kuumia. Katika mji wa shaba na kobalti, kartie ambayo vyura wake wamenyamaza ina sababu ya kuuliza kuhusu maji yake.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema Ruashi haina watu wa kazi hiyo. Si kweli. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa mifugo. Bustani ya wanyama ya mji ipo. Tangu 2006 kituo cha J.A.C.K. kinatunza hapa Lubumbashi watoto wa sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara haramu, na hakikufunga milango hata baada ya Septemba 2022, sokwe watatu wadogo walipoibwa na wezi wakadai pesa. Mji uliosimama na sokwe unaweza kufanya kazi hii pia, ingawa ni kweli kwamba sokwe anafanana na mtoto na nyoka hafanani na mtu. Zaidi ya hapo, eneo la afya la Ruashi lina wajitoleaji wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo. Wanajua kila lupango. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha hawa wote kwenye meza moja.

Lakini kikundi kisianzishwe kwa haraka. Kijana mwenye simu anayemshika nyoka mkononi ili apate kupigwa picha si mwokoaji, ni mgonjwa wa kesho. Wale wanaozungusha nyoka sokoni kutafuta franka wasiitwe walimu. Kazi hii inataka watu wawili kila safari, mabuti, miwani ya kukinga macho, chuma kirefu, na sheria ya kutomgusa mnyama kwa mkono. Inataka pia daftari: tarehe, avenyu, aina ya nyoka, kama kuna aliyeumwa. Baada ya misimu miwili ya mvua daftari hilo litamwambia daktari wa eneo la afya nyoka gani wanaoingia nyumba za Ruashi, na kwa hiyo serumu ipi inunuliwe. Leo daktari anakisia.

Na serikali isijifiche nyuma ya vijana hao. Mtu wa kujitolea anaweza kutoa nyoka chini ya kitanda. Hawezi kutoa sumu kwenye damu. Serumu ni kazi ya wizara na ya jimbo, na wakazi wana haki ya kujua hospitali ipi inayo na ipi haina, kabla ya mtoto kubebwa kwenye pikipiki usiku kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo ambayo kila nyumba inaweza kufanya bila pesa nyingi. Kufyeka majani karibu na ukuta. Kuondoa rundo la matofali na takataka. Kuinua gunia la mahindi kutoka chini. Kutembea usiku na taa. Kulala ndani ya chandarua kilichobanwa vizuri chini ya godoro au mkeka, kwa maana kinazuia nyoka kama kinavyozuia mbu. Mtu akiumwa, atulizwe, avuliwe pete na bangili, mguu au mkono ufungwe kwenye kipande cha ubao kama uliovunjika ili usicheze, kisha apelekwe hospitalini mara moja. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe. Nyoka asifukuzwe, inatosha kukumbuka rangi na umbo lake. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi, kwa robo saa au zaidi, na kliniki ifuate.

Bugumesta, mkuu wa eneo la afya na chuo kikuu hawahitaji mkutano mkubwa wala mfadhili kutoka ng'ambo ili kuanza. Kabla ya mvua zijazo Ruashi inaweza kuwa na namba moja ya simu, vijana sita waliofundishwa, jozi chache za mabuti, na jina la hospitali moja yenye serumu, vyote vikitangazwa redioni kila jioni, kwa Kiswahili, ili hata mama aliyefika jana kutoka Bukavu na hajui bado jina la avenyu yake ajue nani wa kumpigia.