Utabiri wa Mvua si Amri ya Kupanda Mtama

Leo sizungumzii mbolea wala viuatilifu. Nina hasira kidogo, na ni vizuri niitoe hapa kuliko kuitolea kwenye kikao.

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa kijiji. Kiongozi mmoja, ambaye jina lake siliandiki, alisimama na karatasi mkononi akasema sayansi imeshasema: mvua zitakuwa chini ya wastani, kwa hiyo kila kaya ipande mtama na muhogo, na atakayekutwa na mahindi shambani atajieleza. Hajakaa chini, mfanyabiashara mmoja akanyanyuka na kujibu kwamba hao wa hali ya hewa ni waongo, kwani walishawahi kututangazia elnino, watu wakanunua maturubai, na mvua ikaja ya kawaida tu. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mkutano ukageuka kuwa wa kuchagua upande.

Mimi sikuchagua upande. Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja. Mmoja ameuchukua utabiri akaufanya amri, mwingine ameuchukua akaufanya ahadi. Utabiri si hiki wala kile.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana wengi tunaitaja bila kuisoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inaposema "mvua za wastani" haina maana ya kipimo kimoja. Ina maana ya kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi wa eneo husika. Chukua mfano wa hesabu tu: kama eneo lako kwa msimu hupata milimita 400 kwa wastani, basi milimita 300 ni "wastani", na milimita 500 nazo ni "wastani". Muulize mwenye mahindi kama hiyo ni misimu miwili inayofanana! Zaidi ya hapo, jumla ya msimu haikuambii mvua itagawanyikaje. Milimita 300 zikija kwa siku ishirini halafu jua likachoma wakati mahindi yanatoa mbelewele na ndevu, huna mavuno. Zikisambaa vizuri, unavuna. Ndiyo maana taarifa ya msimu inataja pia mvua zitaanza lini, zitaisha lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu. Sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa mkulima, na ndiyo wasomaji wa mikutanoni huiruka.

Halafu kuna neno "inatarajiwa". Utabiri wa msimu ni hesabu ya uwezekano. Tuseme uwezekano wa mvua kuwa chini ya wastani ni 45 kwa 100, wa kuwa wastani ni 35, na wa kuwa juu ni 20. Mtu atasoma hapo "mvua chini ya wastani" na kufunga karatasi. Lakini karatasi hiyo hiyo inasema kwamba katika misimu kumi ya namna hii, mitano au sita haitakuwa chini ya wastani. Ukiona mvua nzuri msimu huo, hakuna aliyekudanganya. Na ukiona ukame, hakuna aliyekuwa nabii.

Nirudi kwa mfanyabiashara wetu na maturubai yake, maana malalamiko yake yana msingi. Mwaka 2015 kulikuwa na elnino kubwa katika Bahari ya Pasifiki. Wenye umri wetu walikumbuka mafuriko ya 1997/98 na wakajiandaa kwa yale yale. Mvua zilikuja, lakini si kama zile. Sababu ni kwamba Vuli yetu haitawaliwi na Pasifiki peke yake. Bahari ya Hindi ina mkono mkubwa pia. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilisukuma upande mmoja. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na elnino ya kutisha, lakini Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilikuwa na joto kubwa isivyo kawaida, na mvua zikamwagika. Mnakumbuka kilichofuata: Mei 2020 Ziwa Victoria likapanda hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964, na wenzetu wa mwaloni wakahamisha vibanda. Aliyekuwa anasikiliza neno moja tu, elnino ipo au haipo, alikosea miaka yote miwili.

Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hili kwa uchungu. Oktoba 2023 Rais Ruto aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadilisha taarifa, mvua zitakuwa kubwa lakini ile elnino ya maafa haitakuwepo. Mwezi uliofuata mafuriko yakaua zaidi ya watu 100. Wataalamu wao walikuwa wametangaza mvua juu ya wastani. Kilichopotea njiani ni uwezekano, ukageuzwa kuwa "ipo" na "haipo". Huku kwetu TMA ilitoa utabiri wa Vuli mwezi Agosti 2023 ikisema maeneo mengi yatapata mvua juu ya wastani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini utabiri huo haukuweza kusema kwamba tarehe 3 Desemba mlima Hanang utaporomosha tope juu ya Katesh na kuua makumi ya watu. Utabiri wa msimu unazungumza na ukanda, hauzungumzi na mlima wako wala kijaruba chako.

Sasa nikiri la kwangu, maana ningekuwa mnafiki kumsema kiongozi yule tu. Msimu mmoja nilisimama mbele ya kikundi cha wakulima na kusema, "Pandeni mapema, mvua zimeshatangazwa." Mvua ikanyesha siku tatu, wakapanda. Kisha jua likawaka karibu wiki tatu. Mbegu zikaota na kukauka. Mama mmoja aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbegu ile ulilipia wewe?" Sikuwa na jibu. Utabiri haukusema wapande siku ile. Nilisema mimi, nikajificha nyuma ya karatasi.

Hapo ndipo ugomvi wangu wote ulipo. Karatasi inasema mvua inatarajiwa kuwa hivi. Kutoka hapo hadi "panda mtama" kuna daraja, na daraja hilo si la sayansi. Ni la kuamua nini ni muhimu zaidi kwako na nini uko tayari kupoteza.

Chukua kaya mbili za Masinono zenye ekari tatu tatu. Ya kwanza ni ya mtumishi mwenye mshahara. Mahindi yakikauka, atanunua debe, atanung'unika, maisha yataendelea. Ya pili ni ya mjane mwenye watoto sita na mkopo wa pembejeo dukani. Mahindi yakikauka, mtoto mmoja anaacha shule. Utabiri ni ule ule mmoja. Mtumishi akipanda mahindi ekari zote tatu hajakosea, anacheza kamari anayoweza kuilipa. Mjane akipanda mtama ekari mbili na mahindi moja hajakosea pia. Na akiamua kinyume? Pengine mahindi ndiyo yanayouzika haraka mnadani, naye anadaiwa mwezi huo huo. Pengine hana mtu wa kufukuza kwelea kwelea kwenye mtama, na anajua kwamba mwaka jana kazi hiyo walifanya watoto wakati wenzao wako darasani. Huyo naye ana hesabu yake, na ni hesabu nzito kuliko ya mtu aliyekuja na gari akaondoka kabla ya saa kumi.

Muhogo nao si wa bure. Wanaouamrisha wanasahau kuuliza pingili zinatoka wapi. Ukichukua pingili za jirani zenye batobato au michirizi ya kahawia, umepanda ugonjwa, na ule wa michirizi pengine utaujua siku ya kuchimba, ukikuta mizizi imeoza ndani. Wazee wanakumbuka habari za enzi ya mkoloni, muhogo ulipolazimishwa kwa sheria ndogo kama chakula cha njaa, na wanakumbuka pia kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona katikati ya miaka ya 1970. Sisemi mazao hayo ni mabaya. Mimi mwenyewe ninayashauri, na ugali wa muhogo na mtama nautafuta. Nasema anayeamrisha aseme wazi, "Mimi naona hivi, kwa sababu hizi," ili mkulima aweze kumbishia. Ukisema "sayansi imesema" umemfunga mdomo mtu ambaye ndiye atakayelala njaa wewe ukiwa umekosea.

Msinielewe vibaya, kama wale walionijia baada ya mkutano wakishangilia kwamba "kumbe hata afisa hauamini mambo ya tabianchi". Nayaamini sana, lakini siyaamini yote kwa uzito mmoja. Kwamba dunia imepata joto, na kwamba binadamu ndiye chanzo, hilo halina ubishi tena. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, liliandika mwaka 2021 kwamba jambo hilo halina shaka. Miaka ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya ile ya 1850 hadi 1900. Joto likizidi, udongo unakauka haraka kati ya mvua moja na nyingine. Kwa hilo sihitaji kusubiri utabiri wa msimu wowote. Matandazo, makinga maji kwenye mteremko, samadi inayoshika unyevu: hivyo vinalipa mvua ikiwa nyingi au chache, na hapo nitakubana bila aibu.

Lakini ukiniuliza kama Masika ya Mara itakuwa kubwa au ndogo miaka thelathini ijayo, jibu la kweli ni kwamba wataalamu wenyewe wana fumbo. Vipimo vya Afrika Mashariki vilionyesha Masika ikipungua tangu miaka ya 1980, ikianza kwa kuchelewa na kukatika mapema, wakati kompyuta nyingi zinazotabiri tabianchi zinasema mvua zetu zitaongezeka. Na hata kwa msimu mmoja tu, Masika ni ngumu kutabiri kuliko Vuli, kwa sababu Vuli inafuata zaidi joto la bahari. Kwa hiyo ukiwa na utabiri wa Vuli mkononi, uupe uzito zaidi. Wa Masika usome, lakini ufuatishe na taarifa za siku kumi kumi msimu ukiendelea. Muuza mbegu, hili linakuhusu: usijaze ghala aina moja ya mbegu kwa sababu ya tangazo la mwezi mmoja.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Tunaambiwa kila mara, "Ninyi mnaokata miti ndio mmeleta mabadiliko ya tabianchi." Nitasema kweli kwa pande zote. Ukikata miti ya kilima kwa mkaa, chemchemi inakauka, udongo unashuka bondeni, na mimi nitakuwa wa kwanza kukukataza. Hilo ni kosa letu, la hapa. Lakini hewa iliyoipasha dunia joto imetokana kwa sehemu kubwa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa kwenye viwanda, mitambo ya umeme na magari ya nchi tajiri kwa zaidi ya miaka mia. Mchango wa Tanzania nzima kwa mwaka haufiki asilimia moja. Nani alipie hasara si swali la kipimajoto. Ni swali la haki, na ndiyo maana mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalibishana usiku na mchana mpaka yakakubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Wakubwa walikaa mezani wakabishana kuhusu haki. Mkulima wa Muhoji akibishana kuhusu ekari yake anaitwa mkaidi.

Kwa kiongozi wetu wa siku ile, nilimfuata baada ya mkutano. Nilimwomba kitu kimoja: kama anataka kila kaya ipande mtama, basi agizo lake liandikwe pamoja na mbegu zitatoka wapi, nani atalinda ndege, na mtama ukikosa mnunuzi nani ataununua. Akasema atalifikiria. Bado nasubiri.

Taarifa ya msimu ujao ikitoka nitaileta Masinono nzima kama ilivyo, pamoja na tarehe na asilimia zake, na tutaisoma mstari kwa mstari kabla mtu yeyote hajasema "pandeni". Nikitoa maoni yangu nitasema ni yangu. Njooni na daftari, na hesabu ya ekari, madeni na mikono ya kazi mliyonayo nyumbani. Na mwenye shamba la muhogo lisilo na ugonjwa aniambie mapema nije kulikagua, maana pingili safi ndizo zitakazokuwa adimu.