Neno ‘halali’ lisitupumbaze kuhusu pombe

Mwanafunzi mmoja wa kike alinijia baada ya mhadhara hapa Machakos akiwa na swali lililomkera. Alikuwa amesoma kwamba wanawake wanywao pombe wamo katika hatari zaidi ya kupata saratani ya ngozi. “Mwalimu,” akauliza, “sisi wenye ngozi nyeusi yatuhusu nini hayo?” Mimi si daktari, kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, swali lile lilistahili jibu, na jibu lenyewe limefungamana na maneno tunayoyatumia kuizungumzia pombe.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 uliwachunguza wanawake Wazungu 59,575 wa Marekani waliokoma hedhi. Waliokunywa vinywaji saba au zaidi kwa juma, wakilinganishwa na wasiokunywa, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 64 ya kupata melanoma, ambayo ni saratani kali ya ngozi, na kwa asilimia 23 kwa aina nyinginezo. Lakini utafiti wa namna hii huonyesha mambo yanayoandamana. Hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Yamkini wanywaji wale walijianika juani zaidi ya wenzao.

Isitoshe, rangi ya ngozi yetu hutukinga sana na madhara ya jua. Melanoma ni nadra kwetu, na itokeapo, aghalabu huwa kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua halina makosa. Ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaohitaji ulinzi mkubwa, na adui yao hasa ni jua. Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya mwenzetu.

Je, mwanamke wa Machakos amesalimika basi? La, hasha! Mnamo 1988, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviorodhesha vileo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pombe huhusishwa na saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Hii ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kenya. Mwilini, pombe hugeuka kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Aidha, pombe huongeza homoni ya estrojeni, ambayo huchochea aina nyingi za saratani ya matiti. Iwe ni kaluvu, bia ya chupa au mvinyo, kileo kilichomo ni kile kile, na weusi wa ngozi haukingi lolote.

Mbona basi hofu yetu iko kwingine? Mwezi Juni mwaka wa 2005, hapa hapa Machakos, zaidi ya watu 40 walifariki na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Msiba ule ulitufunza, na ni haki, kuiogopa pombe haramu. Lakini ulituachia pia kosa la kufikiri: kudhani kwamba kinyume cha haramu ni salama. Haramu na halali, tunavyoyatumia hapa, ni maneno ya sheria, si ya tiba. Chang’aa ilipigwa marufuku mwaka wa 1980, na sheria ya mwaka wa 2010 ya kudhibiti vileo ikairuhusu kwa leseni. Neno lilibadilika, kileo hakikubadilika. Maonyo yaliyoorodheshwa katika sheria hiyo yalitaja afya kwa jumla, ini, uendeshaji wa magari na umri wa miaka 18. Saratani haikutajwa.

Neno la pili linalotupoteza ni ‘kiasi’. Twaambiwa tunywe kwa kiasi. Kiasi gani? Neno lenyewe lina maana ya kipimo, ilhali halitaji kipimo chochote. Kila mnywaji hujikatia lake. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za kileo. Gramu 10 tu kila siku huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Hiyo si hukumu ya kifo. Ni nyongeza juu ya hatari iliyopo. Lakini mwanamke ana haki ya kuijua kabla hajafungua chupa.

Walimu wenzangu, kazi hii ni yetu pia. Mwalimu wa baiolojia afafanue kemikali, na wa Kiswahili afafanue maneno. Nasi sote tudai onyo lililo wazi kwenye kila chupa: pombe husababisha saratani. Sentensi hiyo ina maneno matatu, na hakuna mwanafunzi atakayehitaji kamusi kuielewa.

Yule binti nilimjibu kwamba swali lake lilikuwa zuri, ila asiitazame ngozi. Aitazame chupa.